Intakomu iliyosemekana imekufa: kisa cha eapodi ndani ya helmeti, njia ya Mbeya kwenda Makambako

Hiki kisa nakiandika kirefu manake nimekutana nacho kwa sura tofauti tofauti zaidi ya mara moja, ila hiki ndio kilikamilika mwanzo mpaka mwisho mikononi mwangu, na mwenyewe kaniruhusu nikieleze bila kumtaja jina. Mimi ni fundi simu na vifaa vya sauti, nipo Mwanjelwa hapa Mbeya. Mteja ni kaka mmoja wa Kihehe, anasambaza dawa za mifugo kwa pikipiki yeye na mwenzake, kila mmoja na pikipiki yake, wanatoka hapa mjini wanapita Uyole, Inyala, Igurusi, Chimala, wanaingia Rujewa kwa wafugaji, wanarudi barabara kuu pale Igawa wanamalizia Makambako. Barabara kuu peke yake ni kama kilomita 170 na ushee kwenda, na siku zingine wanageuza siku hiyo hiyo.

Wote wawili walikuwa na intakomu za helmeti. Kwa ambaye hajawahi kuziona, ni kidude kama kiberiti kikubwa kinabanwa pembeni ya helmeti kwa nje, ndani kuna spika mbili bapa zinakaa usawa wa masikio na maiki inakuja mbele ya mdomo. Kinaunganika na simu kwa Bluetooth, na pia kinaongea moja kwa moja na kidude cha mwenzako, hapo hamtumii vocha wala hamhitaji mtandao. Zao alizileta ndugu yake kutoka nje.

Alivyoingia dukani akasema, "Kamwene dada fundi, hii kitu imekufa, juzi nusura iniue." Nikamwambia akae kwanza anieleze.

Walikuwa wanarudi jioni, wapo kwenye mteremko wa Inyala, ukungu umeshaanza kutanda. Mwenzake yupo mbele kama mita mia tatu. Kuna lori limekufa barabarani, na wenyewe wameshaweka matawi ya miti kama kawaida yetu. Mwenzake akaliona, akampa taarifa kwenye intakomu, akarudia mara tatu, lori kushoto limesimama, lori kushoto limesimama. Huyu kaka hakusikia kitu. Kashtukia anakanyaga matawi, tairi la nyuma likateleza, akalivuta kulia, kwa bahati hapakuwa na gari inakuja. Hakuanguka. Anasema alisimama mbele kidogo akakaa chini kwenye nyasi, miguu haina nguvu. Mwenzake alirudi akamkuta bado amekaa, akamuuliza hukunisikia? Akamjibu sijasikia chochote, na taa ya bluu ya kidude ilikuwa inawaka kama kawaida.

Sasa hapo ndipo nilipoanza kushika kitu. Taa inawaka, mwenzake anaongea, na huku kwake kimya. Nikamuomba anipe helmeti, nikawasha, nikamwambia mwenzake atoke nje mpaka ng'ambo ya barabara aongee. Nikaweka sikio kwenye spika, nikasikia safi kabisa, mpaka muuza ndizi aliyepita karibu yake nilimsikia. Kumbe intakomu nzima. Nikamuuliza, siku ile masikioni ulikuwa na nini? Akanyamaza kidogo. Akatoa mfukoni kikebe cha eapodi, zile visikilizi visivyo na waya, akaweka juu ya meza.

Nilimshukuru kwa kusema ukweli, manake wengi hapo huwa wanaficha na fundi unaishia kufungua kifaa kizima unatafuta ugonjwa ambao haupo.

Nikamuuliza kwanini ulivaa eapodi wakati helmeti ina spika. Akasema spika za helmeti hazisikiki. Mjini zinasikika, ukishafika Uyole ukaanza kufungua mafuta, ukifika 80 hazisikiki tena, ukifika 90 ni kama hazipo. Ameshaongeza sauti mpaka mwisho. Alipeleka kwa fundi mwingine, akaambiwa spika ni dhaifu, zikabadilishwa zikawekwa nene zaidi, bado. Ndio akaamua kuvaa eapodi apate angalau muziki na simu za bosi, na intakomu akaiacha iwe ya kuongea na mwenzake. Kichwani kwake hesabu ilikuwa nyepesi: eapodi ya simu, helmeti ya mwenzangu, vyote nasikia.

Hesabu haikubali hivyo. Eapodi za aina yake zina mpira unaoziba tundu la sikio, na zake zilikuwa na ule mfumo wa kuua kelele. Umeshaziba sikio, muziki unapiga ndani ya mlango, halafu unategemea kusikia spika iliyopo nje ya mlango, tena spika ambayo hata sikio likiwa wazi ulikuwa huisikii. Mwenzake alikuwa anaongea nyuma ya ukuta. Na kile kidude hakina namna ya kujua kwamba mwenye masikio kayafunga, chenyewe kimepokea sauti kimeitoa kwenye spika, kazi yake imeisha, taa inawaka.

Swali lake lililofuata ni lile ambalo kila mtu anauliza: basi si uziunganishe tu hizi eapodi na intakomu, vyote si Bluetooth?

Hapa watu wanapoteza siku nzima wanabonyeza vitufe. Bluetooth ina pande mbili, kuna anayetuma sauti na kuna anayepokea. Simu inatuma. Eapodi inapokea. Na kidude cha helmeti, kwa macho ya simu, nacho ni kisikilizi tu, kinapokea. Ukivikutanisha eapodi na kidude cha helmeti ni kama wanunuzi wawili wamekutana sokoni kwetu hapa, wote wameshika hela mkononi na hakuna mwenye viazi, watasalimiana sana lakini hakuna biashara. Vipo vidude vichache vina mbinu ya kujifanya simu ili viongee na vifaa vya kampuni nyingine, ila cha kwake hakikuwa hivyo, tulijaribu mbele yake mara nne ili aridhike, eapodi zinatafuta, kidude kinatafuta, hakuna kinachomuona mwenzake.

Akasema basi viunganishwe vyote na simu. Vinaunganika, ndio, lakini muziki simu nyingi zinaupeleka kwa mmoja tu, na simu ikiita unachagua isikike wapi, na ile sauti ya mwenzake haipiti kwenye simu kabisa, inatoka kidude kwa kidude. Kwahiyo hata ungefanya nini kwenye simu, mwenzako habebwi na eapodi. Halafu maiki za eapodi zipo kule sikioni zimegandamizwa na sponji ya helmeti, bosi alikuwa anasikia mvumo tu. Na ule mfumo wa kuua kelele, ambao kwenye basi unafanya vizuri sana kwa mngurumo wa injini, ndani ya helmeti unachanganyikiwa manake upepo unapiga pigapiga na sponji inasugua zile maiki zake ndogo. Alisema kuna muda alikuwa anasikia kitu kama ngoma, du du du. Ndio hiyo.

Nikarudi kwenye swali lenyewe, kwanini spika za helmeti hazisikiki. Kwa maoni yangu hapa ndipo kisa chote kilipo, haya ya eapodi yalikuja baadaye.

Nilimwambia avae helmeti kama anavyovaa safarini. Akavaa mzula kwanza, ule mzito wa sufu, manake Juni na Julai baridi ya Makambako unaijua, upepo wa pale unapita mpaka kwenye mifupa. Halafu helmeti. Nikaingiza kidole kwa chini, nikafuata spika ilipo. Ilikuwa chini ya ndewe ya sikio, inaangalia taya! Sikio lenyewe lipo juu yake kama vidole viwili. Na katikati kuna sufu.

Spika za helmeti ni ndogo, zinategemea kuwa karibu kabisa na tundu la sikio na kulitazama. Ukizisogeza pembeni sentimita mbili sauti inaanguka sana, hasa ile sauti nene ya chini ambayo ndio inakufanya uone kuna nguvu. Sasa weka na upepo. Pikipiki ikiwa kwenye 90 au 100 kelele ya upepo ndani ya helmeti inafika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 95 mpaka 100 na inaweza kupita, hata kwenye hizi za kufunika uso mzima, manake upepo mwingi unaingilia chini, shingoni, pale helmeti inapoishia. Injini ya pikipiki yake siyo iliyokuwa inamsumbua. Ni upepo.

Na hili la desibeli naomba lieleweke vizuri maana huwa linanigusa, nina mjomba aliendesha pikipiki miaka mingi na leo ukimuita lazima umshike bega. Kipimo ambacho wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanakitumia ni desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila desibeli 3 zinazoongezeka muda unakatwa nusu. 88 ni saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja, 97 nusu saa, na ukifika 100 ni dakika 15 tu. Sasa mtu anatoka Mbeya kwenda Makambako saa tatu njiani, hata kama hajakimbia muda wote, na kabla hajawasha wimbo hata mmoja. Halafu anawasha wimbo, na ili asikie lazima wimbo uushinde upepo. Yaani ameongeza moto juu ya moto. Nikamuuliza, ukifika unasikia mlio masikioni? Akasema ndio, kama nzi, mpaka ninapolala, nilidhani ni uchovu.

Nikamwambia hapana kaka, hiyo ni sikio linalia. Hatuongezi sauti tena. Tunapunguza upepo kwanza.

Wakati nafungua sponji za ndani ili nisogeze spika nikakutana na kitu kingine ambacho kilinikasirisha kweli. Yule fundi wa kwanza, alipoweka zile spika nene, zilikataa kukaa, basi akachimba. Akachukua kisu akachimba lile foamu gumu jeupe kwa ndani, pande zote mbili, shimo la kina kama kidole gumba mpaka unaona ganda. Lile foamu ndio helmeti yenyewe! Ganda la nje linakuzuia usichubuke na linatawanya pigo, lakini kitu kinachokufa badala ya kichwa chako ni lile foamu, linabonyea taratibu linakula mshtuko. Ukilichimba pembeni, hapo hapo kwenye fuvu pembeni ya sikio ambapo mfupa ni mwembamba, umebaki na plastiki tupu. Helmeti nyingi nzuri zina mifuko ya spika imeshatengenezwa na kiwanda, na kama haina mfuko unatafuta spika nyembamba, sio unachimba helmeti. Nilimuonesha, akaingiza kidole mwenyewe kwenye lile shimo. Akasema, "Aisee dada, kumbe nilikuwa navaa sufuria." Nikamwambia mimi siwezi kuifanyia kazi hiyo helmeti na kukurudishia barabarani. Akaanza kulalamika hela, nikamuelewa, helmeti nzuri ya uso mzima sio bei ya mchicha, lakini nilikataa, tukakubaliana nimalizie majaribio kwa helmeti ya mwenzake kwanza na yeye akajipange.

Basi kazi ikaendelea kwa helmeti ya mwenzake, ambayo ni aina ile ile na haijachimbwa. Nilikuwa na njia mbili kichwani.

Ya kwanza ni ya zamani na ndio rahisi: viziba masikio vya sponji, vile vya njano au chungwa wanavyovaa watu wa viwanda vya mbao kule Mafinga, maduka ya vifaa vya usalama kazini vipo, bei yake ni ya kawaida kabisa. Unaziba masikio, unasogeza spika zikae sawasawa, unapandisha sauti ya spika. Watu hawaamini, wanasema umeziba sikio utasikiaje spika? Unasikia, manake kiziba kinapunguza upepo na spika kwa pamoja, ila spika unaweza kuipandisha na upepo huwezi kuupandisha, na sikio likiwa halijazidiwa linachambua maneno vizuri zaidi. Shida ya hii njia, spika lazima ziwe na nguvu ya kutosha, na watu hawajui kuvivaa. Wanakibandika mlangoni tu. Inatakiwa ukiviringishe kiwe chembamba kama njiti, mkono mwingine upite juu ya kichwa uvute sikio kwa juu na nyuma ili tundu linyooke, ukiingize, ukishikilie sekunde 20 mpaka 30 kinavyovimba. Kwenye pakiti wanaandika kinapunguza desibeli 30 na kitu, kwa uvaaji wa kawaida unapata pungufu, lakini hata ukipata 20 umeshatoka kwenye 100 ukaingia 80.

Ya pili ni ile aliyokuwa anaitaka yeye, sauti iwe ndani ya sikio, lakini iwe ni sauti ya intakomu. Hapo ndio nikafuata waya. Chini ya sponji ya shavu la kushoto, waya wa spika unatoka kwenye kishikio cha kidude, na nilipoufuata kwa kucha nikakuta kumbe haujashikiliwa moja kwa moja, una jeki. Jeki ya milimita 3.5, ile ile ya simu za zamani, imefichwa kwenye sponji. Spika zinachomoka! Maiki ina waya wake peke yake. Yaani unachomoa spika, unachomeka iafoni za waya za kuingia sikioni, na kidude kinaendelea kufanya kila kitu kama kawaida, mwenzako, simu, ramani, muziki, vyote vinapita hapo hapo, na maiki ya mdomoni inabaki. Sio vidude vyote viko hivi, vingine spika na maiki vimeunganishwa kwenye pini moja ya ajabu, lakini vipo vingi, na vipo ambavyo kampuni imeweka kabisa tundu la iafoni kwenye kishikio, Sena 20S kwa mfano inalo. Kabla hujaamua chochote fungua sponji uangalie.

Nikachomeka iafoni za simu nilizokuwa nazo dukani. Muziki ukaja, ila ukaja wa ajabu, mwimbaji kama yupo kisimani na ngoma zimepungua. Nikamwambia mwenzake aongee. Kimya! Muziki upo, mtu hayupo. Yule kaka akanitazama kama anayesema si nilikuambia imekufa.

Hii nimeshaijua. Nikashika kile kiboksi cha iafoni chenye kitufe cha kupokelea simu, nikakibonyeza nikakishikilia. Sauti ya mwenzake ikaja, kavu, kubwa, safi. Nikaachia, ikapotea. Nikabonyeza, ikarudi. Nikampa na yeye abonyeze mwenyewe, alibonyeza kama mara kumi.

Iko hivi. Chukua pini ya iafoni uhesabu mistari myeusi. Iafoni yenye maiki ina mistari mitatu, yaani vipande vinne: kushoto, kulia, wa kurudi na maiki. Iafoni isiyo na maiki ina mistari miwili, vipande vitatu. Tundu la kile kidude ni la vipande vitatu. Ukiingiza pini ya vipande vinne, kuna matundu yanabahatika na kuna matundu, kama hili, yale ambayo mguso wa kurudishia umeme unakaa juu ya kipande cha maiki badala ya kipande chake. Umeme unakosa njia ya kurudi, kwahiyo spika ya kushoto na ya kulia zinabaki zimefungwa mkia kwa mkia, na kinachosikika ni ile tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Muziki una vitu tofauti kila upande ndio maana ulibaki mabaki. Mwimbaji yupo katikati, sawa pande zote, akafutika. Na sauti ya intakomu ni ile ile kushoto na kulia, haina tofauti hata kidogo, kwahiyo inafutika yote. Kitufe ukikibonyeza kinaunganisha waya wa maiki na wa kurudi, njia inapatikana, sauti inarudi. Hii ndio inayofanya mtu asikie nyimbo njia nzima na aamini kila kitu kipo sawa, kumbe mwenzake hayupo hewani. Kwa pikipiki ni hatari kuliko kukosa vyote.

Dawa ni pini ya mistari miwili. Nilizunguka maduka ya hapa, iafoni za waya karibu zote ni za maiki, basi nikachonga mwenyewe. Nikachukua iafoni za mpira wa silikoni, zile fupi zisizotokeza nje ya sikio, nikakata waya mkuu juu ya kile kiboksi, maiki na kitufe vikatoka vyote. Zilibaki nyaya nne, nyekundu ya kulia, kijani ya kushoto na mbili za rangi ya shaba. Zina vanishi, ukichomelea hivi hivi solda haishiki, lazima uzipitishe kwenye ncha ya pasi ya solda zenye tone mpaka vanishi iungue zigeuke fedha. Shaba mbili nikazisokota pamoja shina la pini, nyekundu na kijani kila moja sehemu yake, pini nikaweka ya kupinda manake iliyonyooka inachoma shavu. Urefu nilibakiza kama sentimita 45, wa ziada ni wa kujinyonga tu.

Kuvaa nako kuna utaratibu wake. Mzula mzito nimeuondoa, badala yake ule mwembamba wa kitambaa cha kuteleza. Iafoni zinaingia kwanza, kisha mzula juu yake uzishikilie, halafu helmeti unaivuta mikanda kwa nje ili mashavu yafunguke, ishuke bila kukwangua masikio. Ukiivaa kwa kuisukuma tu inazichomoa, na utaziacha hivyo hivyo manake umeshachoka, nimewaona. Mpira wa iafoni unachagua saizi kwa kuguna: sema mmmm, ukisikia sauti yako imekaa ndani ya kichwa pande zote mbili, umeziba. Upande mmoja ukiwa nje, badilisha saizi. Shingoni skafu ya kuziba pale upepo unapoingilia, hii peke yake inatoa kelele nyingi na haina gharama.

Jioni ile nilipanda nyuma yake, yeye kaazima helmeti ya mwenzake na mimi ya kwangu, tukapita Sae, Nane Nane, Uyole mpaka Inyala na kurudi, mwenzake, naye kwa helmeti ya kuazima, anaongea kutoka pikipiki ya pili. Kwenye 90 nilimuona anatingisha kichwa kukubali kila mwenzake anapoongea. Tuliporudi akasema sauti ameiweka katikati, chini ya nusu, na amesikia lori linapiga honi nyuma kabla hajaliona kwenye kioo.

Hilo la honi lilileta mjadala, mke wake alikuja kesho yake na hoja yake ilikuwa ya maana: huyu mtu mmemziba masikio yote mawili, atasikiaje gari? Sikumjibu harakaharaka. Kuna nchi zinakataza kabisa, Ufaransa tangu tarehe 1 Julai 2015 ni marufuku kuendesha na iafoni masikioni ila spika zilizo ndani ya helmeti zinaruhusiwa, na California huruhusiwi kuziba masikio yote mawili kwa iafoni. Kwahiyo wasiwasi wake sio wa kijinga. Nilichomueleza shemeji ni kwamba kwenye 90 sikio lililo wazi nalo halisikii, limejaa upepo, na ukiliziba upepo na honi vinashuka pamoja, honi inabaki na nafasi yake. Kinachoua honi ni muziki. Tukakubaliana hivi, na yeye ndiye aliyependekeza: mjini kuanzia Uyole kuingia ndani iafoni zinatoka, mwendo ni mdogo na bodaboda na bajaji zinatokea kila upande, na barabara kuu hakuna muziki kwenye miteremko wala kwenye ukungu, intakomu tu. Ningekuwa mimi ningeondoa muziki moja kwa moja, ila mtu anayekaa barabarani saa sita kwa siku huwezi kumpangia kila kitu.

Mwenzake hakutaka iafoni, masikio yake yanatoka jasho na yanawasha. Yeye nilimuwekea viziba vya sponji na spika nikazisogeza, nilibandika karatasi ya gundi ndani ya helmeti, akavaa, nikaashiria kwa kalamu sikio linapogusa, spika ikaenda hapo hapo, na nyuma yake nikaongeza kipande cha velkro ili isogee iguse sikio kidogo. Naye anasikia. Tena nadhani yake itadumu zaidi manake haina waya wa kukatika.

Helmeti mpya kaka aliinunua baada ya wiki mbili, yenye mifuko ya spika, na katika hizo wiki mbili mwenzake alikuwa anaenda Rujewa peke yake. Nikahamishia kidude na ile jeki. Mwezi uliofuata waya ulikatika pale kwenye kupinda, nikachomelea tena dakika kumi. Ule mlio wa nzi umepungua, haujaisha, nimemsisitiza aende akapimwe masikio hospitali manake hilo siwezi kulipima kwa pasi ya solda.

Ile helmeti iliyochimbwa ipo dukani kwangu, nimeitundika mlangoni kwa ndani. Mikanda nimeikata ili asije mtu akaiomba akaivaa, na anayekuja kuuliza habari za spika huwa namwambia aingize kidole kwenye lile shimo kwanza.